Nani Anamlisha Punju?

Ukimwekea jirani mbuzi wako amana kisha ukasafiri, majani ya mbuzi yule ni juu yako, si juu ya jirani. Ndivyo tulivyosomeshwa chuoni tulipofika mlango wa amana, wakati huo wengi wetu, watoto wa mjini, hatujui hata mbuzi anakula kiasi gani kwa siku. Maalim wetu alipenda kuutanua mfano huo. Jirani hana ruhusa ya kumwacha mbuzi afe njaa. Akimwacha makusudi, atalipa. Lakini wala hatakiwi kumlisha kwa mfuko wake. Amtafute mwenyewe, akimkosa aende kwa kadhi, na kadhi akimruhusu kutumia fedha zake basi anazidai kwa mwenye mbuzi. Uaminifu ni wa aliyewekewa, gharama ni za aliyeweka.

Kanuni hiyo ni nyepesi pale mwenye mbuzi anapojulikana. Iliniwia nzito nilipokwenda Jozani, kwa sababu kule yupo mnyama ambaye kila mtu anasema ni wake, na anakula kwa watu wachache.

Jozani na Ghuba ya Chwaka ndiyo hifadhi ya taifa pekee tuliyonayo Zanzibar. Ilitangazwa mwaka 2004, nayo ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50, msitu na mikoko kwa pamoja. Kwa sisi wa Kikwajuni ni safari ya saa moja hivi kwa gari ya Makunduchi, na bado wapo vijana wa mtaani kwetu wenye miaka thelathini ambao wamefika Dubai lakini Jozani hawajafika. Njiani unapita Bungi, chini ya miembe mikubwa ambayo mapokeo yanasema ilipandwa kwa amri ya Bi Khole, binti wa Seyyid Said. Mapokeo hayo hayo yanasema waliopanda ni watumwa, ila jina la mtumwa hata mmoja hayakulihifadhi. Nalitaja hili mapema kwa kuwa huko mbele majina nayo yana mambo yake.

Msituni tuliingia watu sita pamoja na kijana anayetembeza wageni. Ni msitu wa majimaji. Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana na uso wa nchi, na masika yanapopamba moto baadhi ya njia huzama. Kijana alituonesha mitondoo yenye mashina ambayo watu wawili hawayakumbatii, akasema jambo ambalo wageni hawakulipenda: mingi kati ya hiyo ilipandwa na watu wa idara ya misitu. Walikuwa wamekuja kuona pori la tangu Adamu. Mimi nililipenda. Msitu uliopandwa na watu na kutunzwa na watu unanipa picha ya watu waliofikiria vitukuu vyao, na hiyo kwangu ni habari kubwa kuliko pori ambalo halikuguswa.

Tulipita pia daraja la mbao ndani ya mikoko upande wa Pete. Maji yalikuwa yamekupwa, kaa wamejaa matopeni, na harufu ilikuwa ile ile ya pwani yoyote ya kwetu. Paa nunga, ambaye ni adimu kuliko wote, hatukumwona, wala sikutarajia. Jina lake la kisayansi linamtaja Aders, mtaalamu wa zoolojia wa Kiingereza aliyefanya kazi katika serikali ya Zanzibar. Kima nao wana jina la Kirk, balozi wa Uingereza hapa, tangu walipoelezwa kitaalamu mwaka 1868. Watu wa kusini wao humwita kima punju, na wazee wanafasiri kuwa punju ni sumu: mbwa akimla hupukutika manyoya, na mti anaoushinda hufa. Jina la mgeni linamheshimu mgeni. Jina la mwenyeji linalalamika.

Baada ya mikoko tukavuka barabara kuu, penye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima, maana magari yalikuwa yakiwagonga sana. Na hapo ndipo tulipowaona. Hawakuwa ndani ya msitu. Walikuwa ng'ambo ya pili, kwenye mashamba, juu ya mikungu na miembe na minazi, kundi zima na vitoto vyao, migongo myekundu kama udongo wa Machui, nywele nyeupe zimewasimama usoni kama wazee walioamshwa usingizini. Hawana dole gumba, tazama vizuri utaona. Wanashika tawi kwa vidole vinne na hawadondoki. Hawaogopi mtu. Mmoja alipita karibu na kiatu changu bila ya kunitazama.

Mgeni mmoja aliuliza kama mnazi ule uliokuwa na kima watatu ni sehemu ya hifadhi.

"Ule wa mwenyewe," kijana akajibu.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Picha zikaendelea kupigwa.

Nilibaki na jibu lile. Mnazi ni wa mwenyewe, lakini je, kima? Sensa iliyotangazwa mwaka 2017 iliwahesabu zaidi ya 5,800, mara tatu ya walivyokadiriwa kabla, nao hawapatikani popote duniani ila Unguja, ukitoa wachache waliohamishiwa msitu wa Ngezi kule Pemba miaka ya 1970. Muumini atasema ni wa Mungu, na mimi nasema hivyo, lakini jawabu hilo halimalizi kesi, kwa sababu mbuzi naye ni wa Mungu na bado kadhi anauliza ni wa nani. Serikali inasema ni wa taifa. Mashirika ya nje yanasema ni urithi wa dunia nzima. Sisi wa mjini tunasema "kima wetu", na tunamchora kwenye mikoba na fulana za kuuzia watalii Forodhani. Basi kanuni ya maalim inatudai kitu kimoja rahisi: anayesema "wangu" apokee na hesabu ya majani.

Na hesabu hiyo, ukiitazama hivyo, inabadilisha lugha. Sehemu ya mapato ya tiketi za Jozani imekuwa ikirudi kwa wakulima na vijiji jirani kwa miaka mingi, na ni jambo jema. Lakini nimesikia namna linavyosimuliwa mjini: vijiji "vimefaidika", vimejengewa hiki na kile, vishukuru. Hiyo ni lugha ya sadaka. Mtu aliyemlishia jirani mbuzi kwa miaka ishirini hapewi sadaka. Analipwa deni, na anayelipa deni hasubiri kushukuriwa wala hapigi picha ya makabidhiano.

Kuwa na mwenyewe, hata hivyo, si salama siku zote kwa mnyama. Chui wa Unguja anatosha kuwa ushahidi. Nikiwa mdogo tulikuwa tunavuka tu kutoka kwetu kwenda Mnazi Mmoja, kwenye makumbusho ya Beit el Amani, kumtazama yule aliyejazwa pamba, mdogo kuliko tulivyomtarajia, macho ya kioo. Yeye pia jina lake la kitaalamu lilikuwa la Aders. Watu wa vijijini waliamini kwamba baadhi ya chui walikuwa na wenyewe, wachawi waliowafuga na kuwatuma wadhuru watu na mifugo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaendeshwa kampeni ya kuwasaka wachawi na chui kwa pamoja, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, na chui wakauawa mpaka wakahesabiwa kuwa wamekwisha. Mwaka 2018 timu ya televisheni kutoka Marekani ilionesha picha za mnyama aliyepita usiku mbele ya kamera yao hapa Unguja, wakasema ndiye. Watu wa vijijini nao hawajaacha kusema wanamsikia.

Chui, basi, aliuawa kwa kuwa aliaminika ana mwenyewe. Punju anaishi kwa kuwa wote tunadai umiliki. Katika kesi zote mbili mnyama mwenyewe hakuulizwa, hilo ni wazi, lakini pia hakuulizwa mtu yule yule: mkulima wa kusini ambaye chui alikula mbuzi wake na punju anakula majani yake. Zamani alikuwa mtuhumiwa au mlalamikaji katika kesi ya chui. Leo ni mlinzi wa punju, bila ya kupewa barua ya kazi.

Hapa kuna pingamizi ambalo lazima nilikabili, kwa sababu ni zuri. Mwaka 1999 watafiti wawili, Siex na Struhsaker, walichapisha matokeo ya kuhesabu nazi katika mashamba ya jirani na Jozani. Wakulima walikuwa wanalalamika kuwa punju wanamaliza vidaka. Watafiti wakakuta kwamba ni kweli wanakula vidaka, vingi tu, lakini mavuno ya mwisho hayakupungua. Minazi iliyoliwa zaidi ilielekea hata kuzaa vizuri, kama mti uliopunguzwa. Mnazi wenyewe hudondosha vidaka vyake vingi kwa kuwa hauwezi kuvilea vyote. Kwa hiyo, atasema mpinzani wangu, deni gani unalolizungumza? Mbuzi amekula magugu ya jirani na kumtilia samadi.

Nimelifikiria pingamizi hili kwa muda mrefu kuliko yote. Jawabu la haraka, kwamba mkulima anajua shamba lake kuliko mtafiti, silikubali. Mtu anaweza kuishi na mnazi miaka sitini na asijue idadi ya vidaka vilivyodondoka vyenyewe, kama nisivyojua mimi ni nywele ngapi zinabaki kwenye kitana. Hesabu ni hesabu. Kama punju amesingiziwa, haki inataka asafishwe jina, na itakuwa ajabu kudai haki ya mkulima kwa kumdhulumu kima.

Lakini shamba si nazi peke yake. Kuna majani machanga ya maembe, kuna kunde, kuna mti uliotaka kuukata ukaambiwa usubiri. Na hata tuseme hasara yote ni sifuri, bado lipo jambo moja ambalo halihesabiki kwa vidaka. Mkulima yule hawezi tena kuamua. Jirani yake wa Makunduchi, asiye na punju, akitaka kukata mwembe anakata, akitaka kufukuza ndege anafukuza. Yeye anatazamwa. Ukiishi mjini huwezi kulielewa hili mpaka umefikiria mfano wa nyumbani: mamlaka ya Mji Mkongwe inapokwambia huwezi kubadilisha dirisha lako kwa kuwa nyumba yako ni urithi wa dunia. Dirisha likiwa zuri zaidi hivyo lilivyo, bado umepoteza kitu.

Katika nchi nyingine kitu hicho kilipotea kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1959 Wamaasai waliondoka Serengeti na kupewa Ngorongoro, na mpaka leo mjadala wa Ngorongoro haujatulia. Marekani ilipotangaza Yellowstone mwaka 1872, mfano ambao dunia nzima imeuiga, kulikuwa na watu waliowinda na kupita humo kwa karne nyingi. Jozani ni kisa kidogo, cha nazi na kima. Nakipenda kwa udogo wake, maana kwenye visa vikubwa tunabaki kupiga kelele na hatufiki kwenye hesabu.

Pingamizi la pili linatoka upande wa wapenda wanyama, na wenzangu wawili wa darasani walilisema kwa ukali. Ukimfanya kima kuwa kitu cha kulipiwa, wakasema, umemfanya kibarua. Siku asipoleta fedha, utamfanya nini? Walikuwa na mwaka 2020 mkononi: watalii walikatika ghafla, mahoteli ya Paje na Jambiani yakafunga milango, na tiketi za Jozani bila ya shaka zikakosa wanunuzi. Kama punju anaishi kwa mshahara wake, mwaka ule alikuwa hana kazi.

Nadhani wamechanganya mambo mawili. Fedha za mgeni ni njia ya kulipa, si sababu ya kudaiwa. Mwenye mbuzi akifilisika huko aliko, mbuzi hakomi kula, na deni halifutiki, linaandikwa. Kilichokosekana mwaka 2020 ni daftari la kuliandika. Tulipoona utalii umekatika tukasema sote tumeathirika, mjini na shamba, tukaishia hapo. Mimi sijasikia mtu akiuliza mwaka ule nani alimlisha punju kwa mkopo.

Kituoni, nikisubiri gari ya kurudi, nilikaa na mzee mmoja mwenye kikapu cha muhogo. Nilimwamkia, tukaulizana habari, na aliposikia natoka msituni akacheka. Shamba lake ni lile lile upande wa pili wa barabara. Nikamuuliza kuhusu nazi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa nazi.

"Nazi n'shazisahau mie," akasema. "Zamani tukigombana kwa nazi. Lakini mwanangu, watu wanaingia kwangu na makamera, wanakanyaga vitalu, hapigi mtu hodi. Wanapiga hodi pale getini."

Nikamuuliza akipigiwa hodi atasema nini.

"Ntasema karibu. Ntasema nini tena?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa na hoja yangu ya gharama, na yeye akaniambia kuwa amana haijaanza hata kufungwa. Na ni kweli, katika mlango ule ule wa amana, kabla ya majani na gharama, lipo sharti la mwanzo: mmoja aweke na mwingine akubali. Bila ya kukubali hakuna mkataba. Punju hakuwekwa na mtu, na mzee yule hakuwahi kuulizwa kama anampokea.

Lakini fikihi inakijua kisa cha namna hiyo pia, na sisi tunaokaa kwenye majumba ya Kikwajuni tunakijua kila siku ya upepo. Shati limepeperuka kutoka kwenye kamba ya ghorofa ya tatu, likaanguka uani kwa mtu wa chini. Hakuliomba, hakulikubali, lakini sasa liko kwake. Si lake na si haramu kwake. Linalompasa ni kumpa habari mwenyewe haraka. Akishampa habari, mzigo umehama. Kuanzia hapo shati likinyeshewa, mwenye kulaumiwa ni aliye ghorofani.

Wakulima wa Pete na Jozani wametoa habari. Wamelalamika, wamehesabiwa nazi zao, wameitwa mikutanoni, wamepigwa picha na miradi tangu miaka ya 1990. Shati limeitiwa mwenyewe kwa sauti ya kutosha. Sisi tuliosema ni letu tumetoa kichwa dirishani, tukajibu: tunaliona, limekaa vizuri hapo.

Na ninaposema sisi, namaanisha na Kikwajuni. Ni rahisi kuwasukumia watalii. Mji wetu umejaa majina ya miti: Kikwajuni, Miembeni, Michenzani, Mwembeladu, Mkunazini, Mnazi Mmoja. Ukiisoma ramani bila ya kufika utadhani tunaishi msituni. Miti yenyewe imebaki michache, na tunayoipikia haikutoka hapa. Gesi imeenea, ni kweli, lakini nyumbani kwetu mkate wa kumimina hauokwi kwa gesi, bibi hakubali. Unataka moto chini na makaa juu ya kifuniko. Mkaa huo unatoka shamba, na sehemu yake kutoka misitu ya maweni ya kusini, ile ile ambayo punju akiikosa huhamia kwenye minazi. Gari niliyorudi nayo ilikuwa na magunia manne juu ya keria, na mwenye nayo akateremka Mwanakwerekwe.

Punju naye anatumia mkaa. Hili limechunguzwa na kuandikwa: wale wanaoishi karibu na mashamba huokota vipande vya mkaa kwenye matanuu na nyuma ya majiko ya watu, wakavitafuna, na wataalamu wanaona kuwa vinawasaidia kuzuia sumu iliyomo katika majani ya mikungu na miembe. Wanaiba, kwa maneno mengine, na kina mama huwafukuza kwa mawe madogo.

Nilimsimulia bibi jioni ile, akiwa amekaa kwenye kibao chake anapuliza jiko. Nilidhani atacheka kwa kima kula mkaa. Akaacha kupuliza, akauliza, "Mkaa wa nani?"

Nikamwambia, wa watu wa huko.

"Basi na wanalipwa?"